Jinsi ya Kujitengenezea Mkanda wa Kaseti Mkoani Mara

Babu wa Butiama ana kaseti ya hotuba za Mwalimu Nyerere, inakwaruza, naye anataka nakala kabla haijafa kabisa. Kaseti mpya hakuna dukani. Usimkatishe tamaa mzee. Mkanda tengeneza mwenyewe. Philips walizindua kaseti mwaka 1963, wewe utashindwaje leo?

1. Tafuta kutu. Mabati ya jikoni yaache: kutu yake nyekundu haina usumaku wa maana. Inatakiwa oksidi ya chuma aina ya gama, yenye chembe kama sindano, kila moja fupi kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiipata Bunda, tujulishe.

2. Ichanganye na gundi, upake kwenye utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81. Usikaushe kwanza! Sindano bado zimelala shaghalabaghala.

3. Sasa sumaku. Chukua mbili za spika mbovu kwa fundi redio wa Musoma, uziweke moja juu na nyingine chini ya mkanda. Ukizitazamanisha ncha zinazovutana, uga utaupenya mkanda toka juu hadi chini, na sindano zitasimama wima, nasi twazitaka zilale. Tazamanisha kaskazini kwa kaskazini. Zitakataa, zitakubana vidole, utataja ukoo mzima. Lakini pale katikati uga hauna pa kupita ila kulala kufuata urefu wa mkanda, na sindano zitaufuata.

4. Hakikisha. Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, itumie. Omba unga wa chuma chini ya grinda ya fundi wa kuchomelea, uunyunyize kwenye karatasi katikati ya sumaku, ugongegonge. Utaona mistari ya uga ikijichora yenyewe.

5. Usiongeze sumaku kwa sifa. Najua umeziona spika za harusini. Nguvu ikizidi, chembe hujikusanya mafungumafungu, uso wa mkanda ukaparuza, na Mwalimu akahutubia chini ya mvua.

6. Anza kukausha humo humo ndani ya uga. Mkanda ukitoka mbichi, uga wa pembeni unaopinda utazivuruga sindano ulizozipanga. Viwandani hupuliza hewa ya moto; wewe washa feni, umwombe Mungu umeme usikatike.

7. Nakili hotuba, kisha vunja vile vidude viwili vya mgongoni mwa kaseti ili asirekodi mtu juu yake. Kijana wa nyumbani ataziba matundu kwa karatasi na kurekodi tangazo la dawa ya kunguni. Kisumaku cha kufutia ndani ya redio kitamwondoa Mwalimu, ila sindano hazitatikisika hata moja: gundi imezishika, zimelala sawasawa, nazo zitatangaza kunguni kwa ubora wa hali ya juu.

8. Ficha karatasi zote za nyumba hiyo.