Nane Hadi Moja: Nyumba za Mawe za Pwani na Maneno Yake

Mgeni akifika kwenye magofu ya pwani yetu, swali lake la kwanza ni nani alijenga, na kabla hujafungua mdomo keshajijibu: Mwarabu, Mshirazi, labda Mreno. Taratibu, ndugu yangu. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuzi walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8. Wa kwanza ulikuwa kijengo kidogo cha miti. Ukajengwa upya, na upya tena, hadi miti ikayapisha mawe. Fundi hakushuka jahazini na ramani kwapani. Alikuwa hapahapa, anabomoa, anajenga, anajifunza.

Basi nimezipanga nguzo nane za ujenzi huo wa kale kwa kinyumenyume, kwa sheria moja: kitu kizuri kisichosema neno hakiingii. Watu wa Kilwa, Lamu na Unguja, kila mmoja ana fungu lake. Kununa ruksa, kupigana marufuku.

8. Boriti

Tuanze na mkoko, maana ndio uliopima vyumba. Boriti hubeba dari zito la mawe na chokaa kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Ukiidai zaidi ya hapo, dari litakudai wewe. Ndiyo maana chumba cha kale cha pwani ni kirefu na chembamba. Tajiri aliyetaka kujulikana kuwa tajiri hakutanua chumba, aliongeza kingine nyuma yake, na kingine tena. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa la mwanzoni mwa karne ya 14, ina vyumba zaidi ya 100. Jirani alikuwa na vitatu au vinne, lakini akilala chali alitazama boriti za urefu uleule. Hakuna kodi wala sheria iliyowahi kuwasawazisha matajiri na majirani zao hivyo. Mkoko uliweza.

7. Mnara usiokuwepo

Misikiti mingi ya kale ya pwani haina mnara. Muadhini alipanda ngazi, akasimama juu ya paa, akaadhini, na mji mzima ukasikia. Msikiti wa Ijumaa wa Shela na mnara wake maarufu ni wa mwaka 1829, kijana kabisa katika orodha hii. Ilikwenda wapi basi minara ya kale? Sogea namba inayofuata.

6. Kaburi lenye nguzo

Ilikwenda makaburini! Malindi, Takwa, Kaole, Kunduchi: kaburi limezungushiwa ukuta wa mawe, na juu yake imesimama nguzo ndefu, ya duara, ya mraba au yenye pembe nyingi. Gedi kuna kaburi lililoandikwa mwaka wake kabisa, 802 wa Hijria, yaani 1399. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maana ya nguzo hizi. Mimi naisoma nguzo kwa kutazama ilipowekwa: mara nyingi karibu na msikiti, mahali ambapo kila anayekwenda kuswali atalipita kaburi na kulikumbuka jina la mwenyewe. Ni ukoo unaosema, tulikuwepo na tungalipo.

Na wapo kweli. Takwa, kisiwani Manda, ilihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wake wakavuka maji kwenda Shela. Watu wa Shela wameendelea kurudi kwenye kaburi lile lenye nguzo kuomba dua ya mvua. Karne tatu mji hauna mkazi, na marehemu bado anapata wageni! Wewe uliye hai, mara ya mwisho umetembelewa lini?

5. Bakuli la China ukutani

Mtu anayeagiza bakuli kutoka China, likavuka bahari nzima, kisha akalipachika kwenye chokaa ya ukuta, hana nia ya kulilia wali. Anasema: biashara yangu inafika mbali, na neno langu linaaminiwa huko. Mabakuli hayo yalipachikwa makaburini, kwenye mihrabu na hata kwenye dari za makuba. Mengi yameng'olewa, na leo unakuta mashimo ya duara tu. Hapo utani unakoma. Anayeng'oa bakuli la kaburini anaiba ushahidi wa watu wasioweza kujitetea, na kila aliyeweka bakuli la namna hiyo sebuleni kwake aulize lilitoka wapi.

4. Wikio

Watu wa Lamu, amkeni, zamu yenu. Wikio ni chumba au njia iliyojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ghorofa kwa ghorofa. Wanawake wa ukoo waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Chini mpita njia anapata kivuli, juu habari za mji zinafika kabla yake. Ukiona wikio, ujue nyumba hizo mbili ni za damu moja, au zilikuwa hivyo hadi siku ya kugawana mirathi.

3. Mlango wa kuchonga

Unguja, mlikuwa mmeanza kuvimba. Hii hapa, namba tatu, na si haba. Mlango wa Mji Mkongwe unasomwa kuanzia kwenye fremu: mnyororo uliochongwa kuizunguka ni ulinzi wa nyumba, samaki ni neema na uzazi, mtende ni riziki, na juu kwenye kizingiti aya ya Kurani au jina la mwenye nyumba na mwaka. Kizingiti cha upinde kilichojaa maua huonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi.

Sasa msikasirike: mingi ya milango hiyo ni ya karne ya 19. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alikwisha kuisifu milango ya Kilwa kwa ufundi wa kuchonga. Kilwa, chekeni kidogo tu.

2. Mihrabu

Fundi wa kale alitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni la nchi kavu, gumu na la kukwaruza, ndilo la kuta. La pili ni tumbawe lililokatwa chini ya bahari lingali hai, laini kiasi cha kukubali patasi, kisha likikaa hewani hukaza. Hilo la pili lilimtoa mtu jasho na chumvi kabla hata ya kuanza kuchonga, kwa hiyo halikutumika ovyo. Lilitunzwa kwa miimo ya milango, kwa maandishi, na kwanza kabisa kwa mihrabu. Kazi ngumu kuliko zote ikawekwa pale wote wanapoelekeza nyuso.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe katika ukuta wa kibla, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na maandishi yakabaki. Fundi anayeitunza kazi ya fundi mwenzake aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 600 anastahili dua yangu na yako.

Jambo moja la faida kwa msafiri: kwetu Makka iko kaskazini. Ukipotea katika magofu ya Songo Mnara, tafuta mihrabu. Njia ya kurudi chomboni bado huijui, lakini kaskazini umeipata.

1. Kutoka daka hadi ndani

Namba moja inarudi Lamu na Pate, wala sitaki kesi. Nyumba yote ni sentensi moja ndefu kuhusu nani aingie mpaka wapi.

Inaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo biashara ilijadiliwa, ugomvi ulisuluhishwa, na mgeni aliketi kwa heshima bila kuvuka kizingiti. Ukikaribishwa unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kupokelea, na hapo njia inakata kona. Kona hiyo ndiyo akili ya nyumba nzima: mlango waweza kuwa wazi mchana kutwa, na macho ya njiani yasifike popote. Kisha kiwanda, ua ulio wazi kwa jua na hewa. Kisha misana, vyumba virefu vilivyofuatana, na sakafu inapanda kidogo kila unaposonga. Miguu yako inaambiwa kwamba unapandishwa daraja.

Kisha ndani. Humo ndimo zilimo zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu. Ukuta mzuri kuliko zote umefichwa mahali ambapo wachache waliuona. Zidaka zilizochongwa hivyo katika karne ya 18 hazikumtafuta mpita njia. Zilikuwa za wenye nyumba.

Basi katika nyumba ya namna hiyo, tazama umekalishwa wapi. Dakani, mmejuana. Ukivushwa tekani, umeanza kuaminiwa. Na ukijikuta unazitazama zidaka, kaa vizuri uwaulize wazee mahari ni kiasi gani, maana bila shaka wenzako wameshakubaliana.