Magoti ya Mtalii

Mtalii aendaye Roma hasahau chaja, miwani ya jua wala fimbo ya selfi. Anachosahau ni magoti yake. Mlangoni mwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Vatican, walinzi hawaulizi cheti cha ubatizo. Wanatazama mabega na magoti, na yakiwa wazi, mwenye nayo anaweza kubaki nje, awe muumini wa kila Jumapili au mpita njia. Wachuuzi wa mitandio waliozagaa mitaa ya jirani wanaijua kanuni hii kuliko wengi waliohitimu katekisimu.

Atajitetea kwamba Mungu hutazama moyo. Sawa, lakini mlinzi hana kipimo cha mioyo, na huyohuyo mwenye moyo safi alivaa suti alipokwenda ubalozini kuomba viza, ingawa huko pia nia yake ilikuwa njema. Atasingizia joto: kweli, Roma ya Julai hupita nyuzi 30. Mbona kanzu ya padri anayeadhimisha Misa humo inafika vifundoni, na juu yake kuna kasula? Hoja yenye uzito ni kwamba desturi hubadilika. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani, ile ya 1983 ikanyamaza. Naam, vichwa vimesamehewa (vya wanaume bado vinavuliwa kofia). Kaptura haijapata msamaha wake, na kanga moja, ambayo mama wa pwani hujitanda hata akienda dukani kununua chumvi, haimzidishii mtu uzito wa begi uwanja wa ndege.