Taarab kwa Hisani ya Mpiga Picha

Bwana harusi anataka taarab ya usiku ule itolewe kwenye mkanda wa video, ichomwe kwenye sidii, aisikilize garini. Fundi hana neno: mkanda wa MiniDV una sampuli 48,000 kwa sekunde, sidii ya muziki inataka 44,100; kompyuta inageuza, kazi kwisha. Ila maiki ilikuwa juu ya kamera, na kamera mkononi mwa mpiga picha. Fidla iko huko mtaa wa pili. Aliye karibu ni yeye, anatafuna karanga na kuulizia pilau. Na mama mkwe, wimbo wa tatu, kasikika vizuri kuliko mwimbaji, akiitaja mahari na kucheka. Fundi, kwa huruma, kampa namba yake peke yake kwenye sidii, arukwe kwa kitufe.