Bingwa wa Boti Awahutubia Mafundi wa Chang'ombe, Dodoma

Mafundi, kaeni. Simu zimeni, na anayekula muwa ateme kwanza.

Aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa bodi za boti ukanda wote wa kati, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kukosa mpinzani. Najua mnachonong'ona: Dodoma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, huyu maji kayaona wapi? Sikilizeni. Wenzetu wa Chang'ombe ya Temeke bahari wanaipita kila siku. Muda wa kuitafakari wataupata wapi? Elimu inataka utulivu. Sisi utulivu tunao, na vumbi la ziada.

Mtazameni mgonjwa wa kubanduliwa rangi. Boti ya faiba, imepanda lori kutoka Dar, mwenyewe anataka ikavue kwenye bwawa la Mtera. Tumboni ina bluu, chini yake kijani, chini kabisa nyekundu ya kuzuia vigamba vya baharini visigande. Hiyo nyekundu iheshimuni! Rangi za namna hiyo mara nyingi huwa na shaba, nayo ni sumu. Za zamani zilikuwa na sumu kali zaidi, iliyotokana na madini ya bati, hadi mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008 ukaipiga marufuku. Kwa hiyo hakuna kusugua kavu. Msasa wa maji, barakoa yenye kichujio (leso ya shemeji si barakoa), turubai chini, na tope lake lisifike mtaroni wala kwa kuku wa jirani.

Wewe mwenye kiberiti, kirudishe mfukoni! Jahazi la mbao huchomwa tumbo kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa, sawa. Hizi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya kiwandani. Zikipata moto, utavua kwa ungo.

Na ninyi wa gereji, ile dawa kali ya kubandulia rangi za magari isisogee hapa. Bati la gari huistahimili, lakini jelikoti, ganda la nje lenye unene wa kama nusu milimita tu, hulainika pamoja na rangi. Grainda ndiyo kabisa: utaanza na rangi, utamaliza ukichungulia upande wa pili.

Skrepa yenye kona za mviringo, mkono mwepesi, kisha msasa namba 80 ukipanda hadi 120. Jelikoti ikitokeza, acha! Hapo ndipo wajinga huongeza bidii.

Kijana wa Kilwa kanyoosha mkono tangu mwanzo. Anauliza kama Mtera kuna hivyo vigamba. Hakuna, mdogo wangu, ni maji baridi. Ndiyo maana nyekundu hatutairudisha. Nilikuwa nafika hapo.

Anauliza tena: nimewahi kushika skrepa? Hilo ni swali la vitendo, na mimi nimekodiwa kwa nadharia. Mpeni skrepa aanze. Mimi nitasimamia nikiwa kivulini, upande unakotoka upepo.