Ngeli za Mashine za Gemu na Upatanisho Wake na Runinga

Wanasarufi wakitatizwa na nomino, huangalia upatanisho wake. Mbinu hiyo inafaa pia kwa mashine za gemu: umri na bei havina uzito, kinachohesabika ni tundu ambalo runinga ya flati italikubali.

Ngeli ya 1: Antena. Mwakilishi wake ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Picha na sauti hupita katika waya mmoja, kisha mtu huzisaka kwenye chaneli. Kwa flati isiyo na kipokezi cha analogia, ngeli hii imekufa.

Ngeli ya 2: Pini Tatu. Njano ni picha. Nyeupe na nyekundu ni sauti. Humu zimo PlayStation ya 1994 na PlayStation 2. Katika flati nyingi, pini ya njano huchomekwa kwenye tundu la kijani linalotumikia mifumo miwili ya picha. Ukikosea kuchagua mfumo kwa rimoti, picha hutoka nyeusi na nyeupe, na fundi huitwa bure.

Ngeli hizi mbili zina pia tatizo la njeo. Mashine nyingi za zamani hutuma picha ya mistari 240. Flati nyingi hudhani ni nusu ya picha ya mistari 480, zikaanza kuichakata, nayo ikachelewa. Mchezaji hubonyeza katika wakati uliopo, Mario huruka katika wakati ujao, akiwa tayari shimoni.

Ngeli ya 3: HDMI. Xbox 360 za mwanzo, za 2005, hazikuwa na tundu hili; PlayStation 3 ya 2006 ilikuja nalo. Hapa kasoro ni ya umoja na wingi: mashine ni nyingi, matundu ni mawili au matatu, na moja limeshakaliwa na king'amuzi. Swichi ya HDMI husuluhisha.

Viunganishi. Adapta ya AV kwenda HDMI na ile ya HDMI kwenda AV hufanana kama mapacha, lakini kila moja hupitisha upande mmoja tu. Dukani hubaki ile usiyoihitaji.

Kighairi. Bastola ya gemu ya Duck Hunt haitii kanuni yoyote. Haifyatui kitu, ina jicho la mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi, kisha kisanduku cheupe humulika alipo bata, nayo bastola huusubiri mwanga huo kwa kasi ya runinga ya chogo. Flati huuchelewesha, bata akaenda zake. Hakuna adapta ya kawaida itakayomwangusha.

Hivyo utafiti huu unapendekeza jambo moja, ambalo mama mwenye nyumba atalipinga: chogo irudishwe sebuleni.