Tulia, Gari Linakuja

Mtaani kwetu nikiaga kwamba nakwenda nje ya nchi kikazi, na kazi yenyewe ni kupiga video za mbio za magari, hakuna anayenipa pole. Wananiagiza zawadi. Jirani mmoja alinipiga bega akasema, "Mwenzetu unalipwa kwenda kula bata." Bata mwenyewe sijamwona mpaka leo. Nilichokula ni vumbi la Naivasha.

Ilikuwa Pasaka ya 2024. Safari Rally, mbio nilizotumwa kupiga, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na miaka mitatu mfululizo ikafanyika mwezi wa sita. Mwaka huo wa 2024 wakubwa wakaona bora isogezwe mpaka wikiendi ya Pasaka. Familia yangu iko Dar inakula pilau, mimi nabanana na wenzangu kwenye chumba kilichopandishwa bei, maana mwenye nyumba naye kalenda anayo. Usiku kuna baridi ambayo mtu wa Dar huikuta kwenye friji tu.

Sasa nisikilize. Watu wanadhani mpiga picha wa rally anafukuzana na magari. Nani kawadanganya? Mpiga picha wa rally anasubiri magari. Mpira una uwanja, unakaa mahali pamoja na dakika zote 90 zinachezwa mbele ya macho yako. Rally ya mwaka ule ilikuwa na zaidi ya kilomita 350 za kushindania, na mimi nimesimama kwenye kona moja. Dereva akipinduka kona inayofuata, nitapata habari kama ulivyoipata wewe uliyelala nyumbani: kwa simu.

Na hiyo kona huiendei unapojisikia. Barabara zinafungwa mapema, saa nyingi kabla gari la kwanza halijawashwa. Kwa hiyo saa tisa usiku tuko njiani kuelekea Elmenteita, kwenye hatua ya mbio inayoitwa Sleeping Warrior, kwa jina la mlima wenye umbo la mtu aliyelala chali. Hata mlima ulikuwa umelala saa zile. Aliye macho ni mimi.

Kulipokucha nikapata sehemu safi kabisa: kona kali, jua linatokea nyuma yangu, tambarare yote iko mbele. Nikasimika stendi ya kamera. Mara mashali akaja akipunga mkono.

"Mkubwa, toka hapo. Gari ikikosa kona, itakubeba na hiyo kamera yako."

"Kaka, nina kizibao cha waandishi."

"Gari haisomi kizibao. Panda kule juu."

Kule juu ni miiba mitupu. Ndiyo sheria ya kazi hii: pazuri kwa picha ni pabaya kwa uhai, na pazuri kwa uhai pana mti umekaa katikati ya picha.

Basi tukasubiri. Kamera nimeivisha kofia ya nailoni ya kuogea, ile ya kuzuia nywele zisilowe, nimeifunga na mpira wa noti pale lenzi inapoanzia. Mkononi nina brashi ndogo. Kila baada ya muda nafuta kioo, napuliza, nafuta tena, na hapo hakuna hata gari moja lililopita. Mtu wetu wa sauti kashika maikrofoni yake yenye manyoya ya kuzuia upepo, watoto wamemzunguka. Mmoja akauliza, "Hiyo ni mnyama gani?" Mtangazaji wetu, aliyekuja porini na raba nyeupe, anasema "Karibu tena mtazamaji" kwa mara isiyo na idadi, na kila akikaribia kumaliza, helikopta inapita juu. Sikatai, helikopta zina kazi. Zinafukuza wanyama ili pundamilia asije akakutana na gari la mbio. Lakini kwa nini pundamilia waingie njiani pale tu mtangazaji anapopatia?

Ghafla filimbi. "Tulia, gari linakuja!"

Kwanza unasikia mlio, kisha unaona wingu, halafu kitu chenye rangi kinakatiza. Kwisha. Sekunde nne. Kinachobaki ni lile vumbi laini wanaloliita fesh-fesh, linalojaa kwenye njia za magurudumu na kuficha mawe chini yake. Madereva wa dunia nzima wanaliogopa. Magari yenyewe yanafungwa bomba la kuvutia hewa, linalopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isimeze vumbi. Gari lina bomba. Mimi nina pua. Yakitoka, magari yanaachiwa dakika kadhaa kati ya moja na jingine ili vumbi litulie. Litulie wapi? Limeshahamia kwenye lenzi yangu.

Bosi naye hakuniacha. Simu inatetemeka: "Nataka mwendo! Nataka kuona spidi!" Nikamtumia kipande. Akajibu, "Mbona moshi?"

Kwenye ule muda mrefu wa kusubiri, kwa kukosa la kufanya, nikamgeuzia kamera mzee mmoja wa Gilgil aliyekuja na kigoda chake, thamosi ya chai na mwavuli. Mzee yule hakuhitaji kuulizwa. Alianza na madereva wa zamani: Joginder Singh kwanza, akahamia kwa Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano, mwaka 1973 na tena miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Akasimulia enzi ambazo barabara hazikufungwa, gari la mbio linapishana na matatu na ng'ombe wa watu. Kila gari lilipopita alifunika kikombe kwa kiganja, akangoja, akafunua, akaendelea pale pale alipoishia. Nikamuuliza, "Mzee, leo nani anaongoza?" Akanitazama kwa huruma. "Kijana, si wewe ndiye mwenye kamera?"

Jumapili, mbio zilipoishia pale Hell's Gate, Kalle Rovanperä, kijana wa Kifini wa miaka 23, akatwaa ushindi wake wa pili wa Safari baada ya ule wa 2022. Watu wakashangilia, nami nikashangilia, ingawa kwa nilivyoliona gari lake mwisho wa juma ule wote, ningeweza kuapa tu kwamba lilikuwa na magurudumu.

Tukarudi Dar, tukahariri, kipindi kikatoka. Magari tuliyoyafuata nchi ya watu, tukayakeshea, tukayalia vumbi, watazamaji waliyasogeza mbele kwa kidole. Waliporudia-rudia ni pale kwa mzee na kikombe chake. Wanauliza ni nani, anapatikana wapi, kwa nini hakupewa muda zaidi.

Bosi akaniita ofisini. Nikajua sasa linakuja neno la posho.

"Kazi nzuri," akasema. "Ila mwakani mkienda kwenye mbio za magari, punguzeni magari."