Bosi wa Msimu

Huko Marekani, familia inayoishi mwaka mzima ndani ya gari-nyumba husifiwa kwa kumkimbia bosi. Hongera zao. Ila ukiifuata kalenda yao, bosi hajaachwa mbali. Oktoba anawangoja Minnesota na North Dakota kwenye mavuno ya viazisukari, ambako zamu moja humeza saa 12, za mchana au za usiku. Kabla ya Krismasi alikuwa ghalani, enzi za CamperForce, mpango ambao Amazon iliuanzisha mwaka 2008 mahususi kwa wenye magari haya. Kiangazi yuko kambini, baba akisugua vyoo vya watalii kwa ujira ambao sehemu yake ni nafasi ya kuegesha, maji na umeme. Watoto husomea kwenye meza ya chakula huku mzazi wa zamu ya usiku amelala hatua mbili nyuma yao. Somo la kwanza ni kunyamaza. Tukirudi kwenye viazisukari, joto likizidi shambani, uvunaji husimamishwa. Msidhani ni huruma kwa mvunaji: kiazi chenye joto huoza kwenye rundo.

Mtasema wamechagua wenyewe. Wapo, tena wenye nyumba ya kurudia, na hao watembee kwa raha zao. Asiye nayo, zamu zikifutwa kwa mvua, hula pesa ya mafuta ya kumfikisha kwenye kibarua kinachofuata. Mwajiri, yeye, hajengi bweni. Amepata mfanyakazi anayekuja na nyumba yake, na tairi likipasuka njiani si juu yake.